Siku Rosebella Alipokaa Isukuti Ikilia

Huku kwetu Iguhu, Uluhyani, ngoma ya isukuti ikilia, Rosebella hakuwa wa kutafutwa. Alikuwa katikati, mabega yanatikisika, wapiga ngoma wanamfuata yeye. Ni mke wa kaka yangu, na mimi wifi yake si mtu wa kusifu ovyo, lakini hilo namwachia.

Sasa siku ya kumtoa binti yake Emily, ngoma zikalia, akina mama wakasimama, Rosebella akabaki kwenye kiti. Tulimvuta mkono, akakataa. Kwetu mama asiyecheza siku ya binti yake amesema neno, tena zito. Na bwana harusi alikuwa Kiprono, Mnandi, si Mluhya mwenzetu. Kabla hata chakula hakijaisha, watu walishatoa hukumu: mama hamtaki mkwe. Emily aliondoka akilia. Kiprono naye angemuuliza nani? Mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa mbali, na jambo kama hilo haliulizwi.

Kumbe maskini Rosebella alikuwa anavuja mkojo. Tangu hedhi ianze kuruka miezi, akicheka unatoka, akikohoa unatoka, na isukuti ni ngoma ya kuruka. Akaona afadhali aitwe mwenye chuki kuliko kikojozi. Hasira hunipanda hadi leo. Angeninong'oneza mimi tu, ningemfunga leso mbili tukacheza!

Emily akahamia Kapsabet kwa mumewe, na kwa miaka simu zake zikawa za salamu na habari za mvua. Rosebella akasema moyoni kwamba uzee ndio huo, unavumiliwa.

Mpaka alipoenda hospitali kwa ajili ya presha. Nesi akamuuliza waziwazi kama mkojo humtoka akipiga chafya, kisha akamtuma kwa watu wa mazoezi ya viungo. Rosebella alidhani pale ni pa waliovunjika miguu. Dada wa pale akamweleza kwamba hedhi ikikoma, misuli inayoshikilia kibofu hulegea, lakini hufunzwa ikapata nguvu. Kaza kama unayezuia mkojo na upepo wa tumbo kwa pamoja, usibane pumzi, achia polepole, rudia. Basi akawa anakaza akichambua mboga za mrenda, anakaza kanisani wakati wa matangazo. Baada ya miezi kadhaa alikohoa mbele yangu, akasikiliza mwili wake, akacheka hadi machozi. Kukavu. Ndipo akanisimulia yote.

Kisha kicheko kikamkauka. "Wifi, kumbe ni kitu cha kufunzwa tu," akasema. "Na mimi nimempoteza mtoto."

Nikamwambia avae viatu. Tukafika Kapsabet mchana, Emily akatupokea kama wageni wa kanisa. Rosebella akamweleza yote, macho chini, maana kwetu mama kumwambia bintiye habari za mkojo si jambo dogo. Emily akaweka kikombe chake cha chai chini.

"Mama, hata mimi," akasema. "Tangu nimzae Michelle, siwezi kukimbia hata hatua mbili. Nilikuwa natakanga kukuuliza. Nikasema, huyu hanitaki, atanijibu nini?"

Rosebella akateremka sakafuni, akamvuta binti yake akae naye, akaanza kumfunza. Kaza, pumua, achia.

Walikuwa bado hapo chini Michelle aliporudi kutoka shule na begi mgongoni. Akasimama mlangoni, akamtazama nyanya yake pale sakafuni, akamuuliza mamake huyu mgeni ni nani.