Utosi wa Mwanasesere

Mwishoni mwa miaka ya sitini nilikuwa nafundisha unesi mjini Unguja. Wanafunzi wangu walikuwa wepesi wa kukariri. Ukiwauliza dalili za mtoto aliyepungukiwa na maji mwilini, walizitaja bila kusita: macho yaliyodidimia, mdomo mkavu, utosi uliobonyea. Shida ilikuwa mikono. Mbele ya mtoto wa kweli mikono ilirudi nyuma, na mama wa mtoto naye aliwahi kumfunika mwanawe kichwa kwa kanga.

Msichana mmoja, mwenyeji wa Tumbatu, aliniambia waziwazi, "Mwalimu, mimi utosi siugusi. Nnaogopa kidole kitazama."

Sikumcheka. Hata mimi nililelewa na hofu hiyo. Lakini mwanasesere tuliyekuwa naye skuli alikuwa wa plastiki, kichwa kigumu kama bakuli. Alifaa kuogeshwa na kuvishwa nepi, basi.

Jioni nikamwambia mama yangu, ambaye alikuwa akishona nguo za watu, "Mama, nataka unishonee mtoto."

Akanyanyua uso kutoka kwenye cherehani. "Siku hizi watoto wanashonwa?"

Kiwiliwili tulikishona kwa kitambaa cha amerikani tukakijaza sufi. Kichwa kilitusumbua zaidi. Mwishowe nilichukua kifuu cha nazi, nikatoboa tundu juu yake na kulivika mpira wa glavu kuukuu. Ndani nikapitisha mrija uliotokea kisogoni, ukaungana na kile kipira cha kuminya cha mashine mbovu ya kupimia presha. Ukikiminya kipira, utosi unavimba, ukikiachia, unabonyea. Nilikiminya na kukiachia hata mama akaniuliza kama nimerudi utotoni. Kisha akamchora macho na kumtia wanja mwingi, kwa sababu, alisema, mtoto hatolewi nje hivi hivi.

Darasani walicheka mpaka machozi. Nikawaacha wacheke. Kisha nikakificha kipira chini ya meza, nikawaita mmoja mmoja, kila mtu afumbe macho, aguse na aseme anachokikuta. Yule msichana wa Tumbatu alikuja wa mwisho. Siku ya kwanza aligusa kwa ncha ya kidole kama anayejaribu pasi ya moto. Baadaye akawa anabaki baada ya darasa, mwenzake akiminya, yeye akitaja: sawa, umevimba, umebonyea.

Siku moja tulikwenda Fumba kupima watoto. Mama mmoja kijana alikuwa amekaa pembeni, mwanawe kamlalia begani. Hakuja kwetu, alimsindikiza dada yake tu.

"Na huyo wako?" msichana wangu akamuuliza.

"Aliharisha, kishapoa. Saa hizi kalala tu."

"Nimtazame kidogo, dada?"

Mama akasita, kisha akaifunua kanga. Msichana akaweka vidole utosini, taratibu, bila kutetemeka. Akanigeukia. "Mwalimu, umebonyea. Na mdomo mkavu. Huyu hakulala, kaishiwa nguvu."

Niligusa na mimi. Alikuwa sahihi. Tulimpakia mama na mtoto kwenye gari letu, na njia nzima msichana alimtilia mtoto maji kinywani kwa kijiko, tone kwa tone, huku akimsemesha mama yake asikate tamaa. Hospitali wakampokea na kumtundikia dripu.

Asubuhi yake nilipoingia wadini nilimkuta mtoto analia kwa hasira, na mama yake anacheka kwa kilio kile. Msichana wangu alikuwa amesimama kando ya kitanda, sare imekunjamana.

"Shikamoo, mwalimu. Kanyonya," aliniambia. "Kanyonya mpaka kacheua."

"Marahaba. Na wewe umekula?"

Hakuwa amekula. Nikamchukua tukaenda kunywa chai kwa mandazi, na pale mezani akaanza kunieleza namna tutakavyomshona mwanasesere wa pili, mwenye kifua kinachopanda na kushuka, ili wajifunze kumtambua mtoto anayepumua kwa shida.