Mashine ya Kukereza Iliyotoka Sagana

Mashine ile ya kukereza chuma ilifika Nyeri ndani ya sanduku la mbao nene, juu ya lori lililoichukua stesheni ya Sagana. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ilipokuwa ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Ukungu haukuinuka juma zima, na mlima hatukuuona.

Karakana ilikuwa ya Mhindi mmoja. Mafundi wake Wakikuyu walikuwa wamekamatwa karibu wote, ndiyo sababu mimi, Mluhya niliyekuwa nimepanga chumba mtaa wa Majengo, nikapata kazi pale. Alibaki mmoja tu, msimamizi wetu, mtu wa Endarasha. Nyumba yake ilikuwa imechomwa, na mkewe alikuwa amehamishiwa kijiji kilichozungushiwa handaki. Yeye hakulisema hilo. Alisema kazi tu.

Pamoja na vibarua wengine tuliliteremsha sanduku juu ya mbao, tukalisukuma juu ya mabomba hadi penye msingi wa simiti. Msimamizi alianza kulifungua kutoka juu, ubao mmoja mmoja, ili ubavu usituangukie. Girisi iliyopakwa mashine isishike kutu tuliipangusa kwa mafuta ya taa. Kisha tukaiinua mashine kwa jeki mbili, yeye upande wa kichwa, mimi upande wa mkia, tukaiegemeza juu ya magogo.

"Uzito wake uko juu," alituambia. "Ikiinama haitarudi. Mkiona inaanguka, msiishike. Kimbieni."

Tulikuwa tunaishusha, tukitoa gogo moja baada ya jingine, ndipo askari walipoingia. Mbele yao alikuwa afisa kijana wa Kizungu. Nyuma walimleta mtu wa kuwatambulisha wanaotafutwa, amefunikwa mwili mzima kwa gunia lenye matundu ya macho asijulikane. Mtu yule alimtazama msimamizi, akaitikia kwa kichwa.

"Wewe, toka. Mikono juu," askari mmoja akasema.

Msimamizi hakuinuka. "Nakuja, afande. Iko mkono ya mtu hapa chini."

Mkono ulikuwa wangu. Nilikuwa nimeuingiza kuvuta gogo, na jeki ya msimamizi ilikuwa imeanza kuteleza. Askari akampiga begani kwa kitako cha bunduki. Alijikunja, lakini hakuiachilia fimbo ya jeki.

"Toa mkono," akaniambia polepole, kama vile tuko peke yetu.

Nikautoa. Akasukuma gogo chini ya kichwa cha mashine kwa mguu, akaona limekaa, ndipo akasimama na kuinua mikono. Mmoja haukufika juu.

Walipomtoa nje, Mhindi alimfuata afisa hadi mlangoni. "Huyu mtu mzuri, bwana. Mimi najua yeye miaka mingi."

"Unataka kwenda naye?" afisa akamuuliza. Mhindi akarudi ndani.

Tulimaliza kesho yake. Tuliweka pima maji juu ya kitanda cha mashine, tukapenyeza vibati vyembamba chini ya miguu hadi kiputo cha hewa kikatulia katikati, tukakaza nati.

Mke wa msimamizi alikuja mara tu alipopata kibali cha kutoka kijijini. Nilimweleza kwamba askari walimchukua; la kitako cha bunduki sikulitaja. Akauliza kama mumewe alikuwa amevaa koti.

"Hapana, mama. Limebaki hapa."

Alilichukua, akalikunja vizuri, akaondoka bila kulia.

Kazi ya kwanza ya mashine ilitoka serikalini: pini za bawaba za malango ya kambi za kizuizini. Mhindi aliniletea michoro bila kunitazama usoni. Nilizikereza. Chuma kilikuwa kizuri na mashine haikutikisika hata kidogo.

Kambi zilipofungwa, watu walirudi kwa malori, wamekonda. Nilikwenda Endarasha kuulizia habari za msimamizi. Nilimkuta yule mama akilima viazi. Aliniletea uji, tukaketi kando ya ukuta wa nyumba mpya.

"Waliofungwa pamoja naye wamerudi," alisema. "Wanasema alihamishwa. Hawajui wapi."

Nilimuuliza kama walisema bega lake lilipona. Alisema hakuna aliyemwambia habari ya bega.