Darasa Lililonipa Alama Zote

Nilikuwa nafundisha Upimaji na Tathmini kila Jumamosi mjini Tarime, katika kituo cha chuo kikuu kilichokodi jengo nyuma ya soko. Wanafunzi wangu walikuwa walimu wa shule za msingi wanaotafuta digrii, na karibu wote walinizidi umri. Mama mmoja kutoka kijiji cha Nyakunguru alilingana umri na mama yangu mzazi. Asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Nikishika chaki tu, yeye ndiye aliyesimama kunijibu kwa unyenyekevu kama mtoto wa darasa la pili. Sikuwahi kuizoea hali hiyo.

Mama huyo alikuwa anarudia somo langu kwa mara ya mwisho. Akianguka tena anaondolewa chuoni, na safari ya digrii inaishia hapo. Kwa hiyo kila nilipomaliza kueleza jambo gumu nilimtazama yeye kwanza. Nikiuliza kama wameelewa, darasa zima lilisema wameelewa, na sauti yake ilizidi za wenzake. Niliwaomba waandike kwenye vikaratasi visivyo na majina mahali nilipowaacha nyuma. Vikaratasi vilirudi vimejaa dua: Mungu akuzidishie, mwalimu wetu.

Chuo hakimwonyeshi mwanafunzi matokeo yake mpaka amtathmini mhadhiri kwa simu. Alama hizo ndizo zinazoamua kama mhadhiri wa muda, kama mimi, ataongezewa mkataba. Basi wakakaa uani, wakakubaliana, wakanipa tano kati ya tano katika kila swali. Hata swali la projekta, kitu ambacho kituo hakikuwahi kuwa nacho, nilipata tano. Makao makuu wakanipigia kunipongeza, wakataka nije niwaeleze wenzangu siri ya ufundishaji bora. Siri gani? Nilitamani kuitupa ile simu mtaroni, maana wakati huo matokeo yalikuwa yameshatoka, na zaidi ya nusu ya darasa walikuwa wameanguka. Mama wa Nyakunguru alikuwamo.

Nilikata tamaa kabisa. Nafundisha watu kupima, na mimi mwenyewe sina namna ya kujua kama ninafundisha au ninapiga kelele.

Mama yule alikuja kituoni kurudisha kitabu. Nikamuuliza kwa nini hakusema, hata siku moja, kwamba haelewi. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko matusi. Hakuniita mwalimu tena. Aliniita mura, kama kina mama wa kwetu wanavyomwita kijana wao.

"Mura, mtu anayekufundisha humwambii kwamba ameshindwa. Si adabu."

Nikamwambia adabu hiyo imemnyima digrii. Akasema anajua. Akakiweka kitabu mezani, akakinyoosha jalada kwa kiganja.

"Na wewe, mkataba wamekuongezea?"

Nikasema wameniongezea.

"Haya," akasema. "Basi hatujapoteza wote."