Msumeno Unaovuta Kwako

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Wazazi walikuwa wametutoka wote wawili, nikaacha shule ili wadogo zangu wale, na karakana moja ya Ibighi, hapa Tukuyu, ikanipokea. Fundi Mkuu aliniambia, "Ugwe, wewe kijana, kabla hujashika msumeno, jua vumbi lake linakwenda wapi."

Sikuelewa mpaka nilipoona misumeno miwili ukutani. Mmoja ni huu mnaoujua, unakata ukiusukuma. Wa pili aliuacha Mjapani aliyewahi kufundisha useremala hapa. Bati lake jembamba, mpini mrefu, na meno hukata ukivuta tu. Ukiusukuma kwa nguvu unapinda. Mkato wake ni mwembamba, hata ulimi wa ubao huingia kwenye tundu lake bila nyundo nyingi. Wala haupigi kelele. Sauti yake ni ya mtu anayevuta pumzi usingizini.

Kwa huo tulitengeneza milango, makabati na vitanda. Jeneza, kamwe.

"Unavuta vumbi kwako," alisema Fundi Mkuu. "La jeneza unalipeleka nyumbani kwako la nini?"

Msaidizi wake akacheka. "Basi Wajapani wangeshakwisha wote!"

Fundi Mkuu akaurudisha msumeno ukutani.

Nilipokwisha kuwa fundi, ulikuja msimu wa mvua ambao ukungu uliingia mpaka ndani ya karakana mchana. Mdogo wangu wa mwisho, Tumpe, alikuwa amelala nyumbani na kichomi, hatambui mtu. Siku hiyo wafiwa kutoka Lupepo walikuwa kwenye baraza la karakana wakisubiri jeneza. Katikati ya ubao, msumeno wa kusukuma ukagonga msumari, bati likakatika.

"Fundi, fanya haraka," mmoja wao aliita. "Kaburi linajaa maji."

Nikaushusha wa kuvuta. Nilivuta kidogo tu, unga wa mbao ukaniangukia miguuni, nikauachilia mpini.

"Lete," alisema Fundi Mkuu.

"Tata, baba yangu, nitamaliza mwenyewe."

"Wanangu wote wana nyumba zao, kwangu nimebaki mwenyewe. Wewe vumbi hili unampelekea yule binti mgonjwa? Lete, nimesema."

Alivuta taratibu mpaka viatu vyake vikawa vyeupe. Ubao ulipoachana, akaulaza msumeno mezani. Ile sauti ya kuvuta pumzi ikaendelea. Wafiwa waligeuka kuangalia. Kisha ikanyamaza.

Jioni nilimkuta Tumpe amekaa kitandani, anaomba uji. Kesho yake Fundi Mkuu hakuja kazini. Tulimzika kabla mvua hazijakatika.

Sasa nimestaafu. Nyinyi vijana mnatumia mashine za umeme, vumbi linaruka kila upande, na mnaniuliza kama ninaamini mambo hayo. Alikuwa mzee, na baridi ya Rungwe haiwahurumii wazee. Hilo nalijua. Lakini Tumpe akija kunisalimia, humwambia apitie kwanza kwa watoto wa Fundi Mkuu, wamwone kwamba bado yupo.