Kazi Niliyoshindwa Kuifungua

Nimedhulumu. Sitatafuta neno laini zaidi, kwa maana miaka mingi nimewahubiria vijana wa Kolwezi kwamba dhambi huitwa kwa jina lake.

Ninafundisha chuo kikuu. Tulipoagizwa kupokea kazi za wanafunzi kwa mtandao, sikuhudhuria hata siku moja ya mafunzo. Nilitangaza darasani kwamba elimu ya simu ni elimu ya wavivu. Wanafunzi wakanielewa: walituma mtandaoni, kisha wakaniletea na karatasi mkononi. Wote isipokuwa mmoja, mama wa watoto wawili kutoka Musonoi, aliyesoma kwa simu huku akiuza unga sokoni. Yeye aliliamini agizo.

"Kazi yako iko wapi?" nilimwuliza mbele ya wenzake.

"Prof, mi nilituma. Iko mu mtandao. Uangalie tena, tafazali."

"Nimeangalia. Hakuna kitu."

Sauti ikatoka nyuma: "Mama, kazi yako ilikosa taxi-moto ku Musonoi!"

Darasa likaangua kicheko, kana kwamba kazi ya mtandaoni husubiri pikipiki ya abiria. Nami, mtu mzima, nikacheka nao! Nikamwandikia sifuri.

Siku mbili kabla ya kikao cha kuamua nani anapita, mwalimu mwenzangu alivuta kompyuta yangu, akabonyeza mara mbili, ukafunguka ukurasa nisiowahi kuuona, akaniita baba kwa lugha ya kwetu.

"Ah, tata! Unaangalia mu barua zako tu. Kazi za batoto zinafikaka huku."

Kazi ya yule mama ilikuwepo. Ilikuwa imetumwa kabla ya zote. Niliisoma hadi mwisho, na ole wangu, hakuna karatasi niliyopokea iliyoikaribia!

Kikaoni, jina lake liliposomwa, nilihitaji kusema maneno machache tu. Lakini ningekirije mbele ya walimu niliowadharau kwa kuhudhuria mafunzo yale kwamba sikujua hata mahali pa kuitafuta? Niliinama, nikajifanya naokota kalamu. Mwaka wake ukaanguka hapo.

Yule mama alinifuata uani. "Prof, unionyeshe tu fasi nilikosea, nijue."

Nilimwambia arudie mwaka.

"Bwana yangu alisema mwaka moja tu. Ingine hakuna."

Hakurudi. Miezi ikapita, dhamiri ikanitafuna, hatimaye nikaungama kwa wakuu wangu. Sifuri ikafutwa, nami nikaondolewa katika kikao kile, kwa haki kabisa. Nikaenda Musonoi na barua ya kumrudisha masomoni. Aliisoma akiwa amesimama kando ya gunia lake la unga, akaikunja polepole.

"Asante, tata. Lakini ile simu niliuzisha."

Hakunitukana. Heri angenitukana!

Mwalimu mwenzangu unayesoma haya, usiite upuuzi jambo ambalo hujajifunza. Na ukishindwa, sema "sijui" siku ile ile, wanafunzi wakikutazama. Watacheka, naam. Waache wacheke. Mimi nilikikwepa kicheko hicho, nikamwacha mwanamke asiye na kosa akibebe kwa niaba yangu.