Mizani Yake Haitaki Upepo

Jirani yangu hapa Bellevue, mwenzangu wa klabu ya shabaha, hujaza baruti kwenye maganda ya risasi zake mwenyewe kama mimi. Kwanza hufunga dirisha, kisha huzima feni, maana mizani yake ya kupimia baruti haitaki upepo. Baruti ikizidi, hutoa punje moja kwa kibano cha nyusi cha mkewe. "Sidney, pumulia kule, bana," huniambia bila kuinua macho.

Uwanjani, mashine ya kupima mwendo huonyesha risasi zake zote zikikimbia sawasawa. Zangu, kila moja ina mwendo wake. Jumamosi nikadai siri ni bunduki yake. Hakubisha, akaniwekea risasi zake kiganjani. Nikazifyatua kwa bunduki yangu, zikakimbia sawasawa. "Eish, si unaona bunduki yako haina shida!" akasema, amefurahi kwa ajili yangu. Furaha hiyo ndiyo ambayo sijamsamehe.