Njia Niliyoacha Kuiziba Chenene

Mimi ndiye niliyemuua shemeji yangu, na sikumgusa hata kwa kidole. Anayependa kusoma habari za watu wema afungue ukurasa mwingine. Hapa hakuna mtu mwema.

Kazi yangu ni kirongozi, yule anayetangulia mbele ya wapagazi kuonyesha njia, kati ya Kondoa na Dodoma. Ni kazi ya majivuno. Unafunga kilemba chekundu, unabeba mzigo mwepesi kuliko wote, na unatembea kama wewe ndiye uliyeiumba milima. Nilikuwa hivyo. Ungenikuta njiani siku zile ungenichukia, na ungekuwa na haki.

Safari ninayoisema tulikuwa tunarudi kutoka Dodoma na mizigo ya chumvi na nguo iliyoshushwa stesheni. Mali ilikuwa ya Mzee Hamisi, tajiri wetu, naye alitembea pamoja nasi. Kati ya wapagazi alikuwamo Ramadhani, kaka wa mke wangu. Mke wangu ndiye aliyenibembeleza nimchukue. "Unitazamie kaka yangu," aliniambia, "hajazoea." Nikasema nitamtazama.

Hajazoea! Mtu alitembea kama anakwenda kukagua shamba lake. Siku ya kwanza tulilala Msalato, mji bado unaonekana nyuma, na hapo napo alifika wakati sisi tumeshaosha vyungu. Siku zilizofuata zikawa hivyo hivyo. Jioni tuliyofika chini ya milima ya Chenene alitokea jua likizama, ametulia, anauliza kama ugali umebaki. Nikamfokea.

"Shemeji," akanijibu, "kwani Kondoa inahama?"

Kituoni pale palikuwa na banda la wasafiri. Wadachi waliwaamuru majumbe wajenge banda kila kituo, wakajenga, na papasi, wale kupe wa homa, wakahamia kabla ya watu. Mdachi mwenyewe akipita hulala kwenye hema lake, hana wazimu wa kutafuta homa. Sisi nasi tulikaa nje, tukawasha moto, na Wagogo wa jirani wakatuletea maziwa. Mama mmoja aliyekuwa akiuza akauliza kwa nini huyu wa kilemba ana haraka siku zote.

Ramadhani akamwambia, "Anawahi mbele ili tusimwone sura. Tungeiona, mama, tungerudi Dodoma."

Watu walicheka mpaka Mzee Hamisi akashika mbavu. Nikacheka na mimi, meno tu. Tangu pale sikumsemesha tena, na moyoni nikawa natafuta namna ya kumkomesha.

Kwa asiyejua safari za miguu, wapagazi hawatembei pamoja. Mstari hukatika, wa mbele hawawaoni wa nyuma. Kwa hiyo kirongozi akifika penye njia panda hukata tawi bichi, akalilaza kukatiza njia isiyofaa, na kulikandamiza kwa jiwe. Anayekuja nyuma akilikuta anajua kwamba huko hapana. Haulizi, hasiti. Anaweka roho yake juu ya tawi lako, na wewe huwezi hata kuona kama ameliangalia.

Asubuhi tukapanda mlima. Kule juu kuna mahali njia inagawanyika. Ya kulia inashuka Haneti, penye banda na kisima. Ya kushoto ni ya warina asali, nayo ni pana na inavutia, ila inateremka kwenye pori lisilo na tone la maji. Nikawaambia wenzangu watangulie, mimi naziba njia. Nikakata tawi. Wakapita wote isipokuwa Ramadhani, ambaye kama kawaida alikuwa nyuma huko, anaimba peke yake. Sauti yake niliisikia kwa mbali.

Tawi nikalitupa kichakani.

Sikutaka afe. Najua kila mkosaji husema hivyo, na mimi nawadharau wote wanaosema hivyo, lakini ndiyo kweli yenyewe. Nilitaka azunguke kidogo, afike Haneti ulimi nje, watu wamcheke yeye safari hii. Neno la kumwambia nilikuwa nimeshalitayarisha. Nilishuka mlima ule nikilirudiarudia na kutabasamu peke yangu kama punguani.

Jua likaenda, Ramadhani hakutokea. Mzee Hamisi akaja nilipoketi. Wapagazi wote wakageuka kutusikiliza.

"Kule juu uliziba?"

"Niliziba."

"Basi hajapotea. Atakuwa amelala mahali."

Hilo neno langu moja, "Niliziba," ndilo lililomuua. Ningesema kweli saa ile, aibu ingenipata mimi na yeye angepatikana, maana asingekuwa amekwenda mbali. Sikusema. Kulipokucha watu wakarudi kumtafuta, na wakamtafuta kwenye njia ya kulia, njia ambayo hakuipita, mpaka kule tulikonunua maziwa. Nilikwenda nao. Nilikuwa naita jina lake kuliko wote! Tulipita pale panapogawanyika mara mbili, kwenda na kurudi, na hakuna aliyetaka kuingia kushoto, kwa kuwa kirongozi alikwisha kusema ameiziba.

Tawi halikuwapo. Wakadhani wanyama wamelivuta usiku, yeye akiwa ameshapita.

Warina asali walimkuta sisi tumeshafika Kondoa. Alikuwa ameegemea jiwe. Mzigo wa chumvi ameuweka pembeni penye kivuli, umefungwa vilevile, haukupungua. Yule niliyemwita mvivu alikufa kwa kiu akiwa bado anatunza mali ya watu.

Wakaniuliza amefikaje njia iliyozibwa. Nikasema, "Aliliruka tawi. Mnamjua kichwa chake."

Wakaamini. Tena wakafurahi kuamini, kwa sababu mjinga aliyekufa ni hadithi tamu njiani. Wapagazi wakatunga wimbo wa mtu aliyeruka tawi, wa kuimba wakitembea, na wimbo wa njiani huanzishwa na nani? Huanzishwa na kirongozi. Nimeuanzisha mimi, kwa mdomo huu, kilima baada ya kilima, na watu wakaitikia.

Wimbo ukafika nyumbani. Mama yake Ramadhani akaacha kupita sokoni. Mke wangu akaacha kulitaja jina la kaka yake. Siku moja ananiwekea chakula, akainama, akaniomba radhi. Ati kaka yake alinitia aibu mbele ya tajiri wangu, nimsamehe. Na mimi, mbwa mimi, nikamwambia nimeshasamehe.

 Tangu siku hiyo njiani naziba kila kitu, hata vinjia vya mbuzi naviwekea tawi na jiwe, na wapagazi wananicheka nyuma ya mgongo kuwa nimezeeka vibaya. Wacheke. Nikilala nasikia mtu anaimba kwa mbali, yuko njiani anakuja.

Nyinyi mnaotangulia mbele za watu, mtu akiwaudhi mtukaneni. Mpigeni hata ngumi, mtapatana kesho. Msimnyime njia. Na mkishakosa, semeni saa ile ile mnapoulizwa, hata kama mnatazamwa na kambi nzima, kwa sababu aibu ya jioni moja ni kitu kidogo sana. Mimi niliikwepa, na sasa nalala nayo kitanda kimoja.

Gazeti hili kwetu husomwa kwa sauti, barazani kwa mwalimu, na wanawake husikiliza upande wa uani. Mke wangu hakosi kuja. Kumwambia usoni nimejaribu, nimeshindwa. Jina langu sikuliandika hapa. Yeye hatalihitaji.